Guacamole nyuma ya nginx: napata 404, na ofisi haina IP ya umma

katuba_sys, Lubumbashi

Jambo wakubwa. Programu yetu ya hesabu iko kwenye Windows Server moja hapa Lubumbashi. Wenzetu wa Likasi na Kolwezi wanatakiwa kuifungua kwa kivinjari tu, bila kusakinisha kitu, ndiyo maana nataka Guacamole, inayoonyesha skrini ya mashini ya mbali ndani ya kivinjari. Nina VPS (seva ya kukodi) Ulaya, Ubuntu 24.04, RAM giga 2. Nimejenga guacd 1.5.5 (sehemu ya Guacamole inayoongea na Windows), nimeweka tomcat10 (seva ya programu za Java) kwa apt, na guacamole.war, yaani sehemu ya wavuti, iko ndani ya webapps. guacd inawaka vizuri, ila nikifungua /guacamole/ napata 404. Jambo la pili: ofisi inatumia ruta ya laini ya simu, haina IP ya umma, kwa hiyo VPS haiioni porti 3389 ya RDP, njia ya kuendesha Windows kwa mbali. Mnaunganishaje?

fundi_ibanda, Bukavu

Ndugu, 404 hiyo inatoka kwa Tomcat, guacd haihusiki. Guacamole 1.5.5 inategemea maktaba ya Java iitwayo javax.servlet, na Tomcat 10 ilishahamia jina jipya, jakarta.servlet. Soma logi ya Tomcat, utaona javax inatajwa kuwa haipatikani. Ubuntu 24.04 haina tena seva ya tomcat9 kwa apt, kwa hiyo ama upakue Tomcat 9 kutoka Apache na kuifungua ndani ya /opt, ama utumie Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena lililofungashwa tayari. Chukua Docker: picha ya guacamole/guacamole ina Tomcat inayofaa tayari. Toleo la guacamole na la guacd liwe moja. Kama mega ni shida, ipakue penye fibre, fanya `docker save`, beba kwa flashi.

Kabla ya kuwasha, toa majedwali ya Postgres, hifadhidata ya watumiaji na miunganisho:

```
docker run --rm guacamole/guacamole:1.5.5 \
  /opt/guacamole/bin/initdb.sh --postgresql > initdb.sql
```

Faili hilo lazima liingizwe kwenye hifadhidata. Ukiliruka, ukurasa wa kuingia utafunguka kama kawaida, halafu utapata kosa lisiloeleza chochote. Jina na neno la siri la mwanzo ni guacadmin kwa guacadmin, na dunia nzima inajua hivyo. Tengeneza msimamizi mwingine, ingia kwa huyo, kisha mfute guacadmin kabla hujafungua kitu kwa nje.

kibati_net, Goma

Kwa Tomcat, fundi amemaliza. Ila mpango wenyewe ningeugeuza: guacd isikae Ulaya. Iweke ofisini, karibu na Windows, pamoja na Tomcat na Postgres, kwenye mashini yoyote ya zamani yenye Linux. VPS ibaki na nginx (seva ya wavuti inayopokea wageni na kuwapeleka ndani) na WireGuard (VPN, njia ya siri kati ya mashini) tu. RDP itatembea ndani ya LAN, na kinachopita kwenye laini ya simu ni picha ambazo guacd imeshazipunguza kulingana na kasi ya kivinjari cha upande wa pili. Faida nyingine, VPS ikilala, watu wa ofisini wanaendelea.

WireGuard ndiyo inayomaliza habari ya IP ya umma, kwa sababu ofisi ndiyo inayoipigia VPS. Upande wa ofisi:

```
[Peer]
PublicKey = ...
Endpoint = IP_YA_VPS:51820
AllowedIPs = 10.8.0.0/24
PersistentKeepalive = 25
```

Bila hiyo 25, mtandao wa simu utasahau njia laini ikikaa kimya, na VPS haitaweza kuifikia ofisi. Kwenye Endpoint andika namba, usiandike jina. Umeme ukirudi, mashini huwaka kabla ruta haijapata mtandao. Jina halitafutiki, wg-quick (amri inayowasha WireGuard) inaanguka, na hakuna wa kuiwasha tena. Ugonjwa wa aina hiyohiyo uko kwa Docker: ukitangaza porti kama `10.8.0.2:8080:8080` na wg0 (kiungo cha WireGuard chenye IP hiyo) haijasimama, kontena halitawaka. Fanya `systemctl edit docker`, ongeza:

```
[Unit]
After=wg-quick@wg0.service
```

Ingia pia BIOS, uamuru mashini ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Na badilisha betri ya CR2032 kama imekufa: saa ikirudi nyuma, WireGuard ya upande wa pili inakataa salamu za kufungua muunganisho bila kusema neno, mpaka NTP (huduma ya saa ya mtandaoni) irekebishe saa.

nginx kwenye VPS, baada ya kupata cheti cha https kwa certbot:

```
location / {
  proxy_pass http://10.8.0.2:8080/guacamole/;
  proxy_buffering off;
  proxy_http_version 1.1;
  proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
  proxy_set_header Upgrade $http_upgrade;
  proxy_set_header Connection $http_connection;
  client_max_body_size 1g;
}
```

Ukisahau Upgrade na Connection, itafanya kazi hata hivyo, maana Guacamole inarudi kwenye HTTP ya kawaida, ila panya itaburuta. Ukisahau mstari wa mwisho, faili lolote linalozidi mega 1 litagoma na kosa 413.

katuba_sys, Lubumbashi

Aksanti sana, imewaka. Yamebaki mawili. Windows ikijifunga, neno la siri linakataliwa ingawa ni sahihi. Na kunakili maandishi kutoka Kolwezi kwenda kwenye seva hakuendi.

fundi_ibanda, Bukavu

La kwanza ni kibodi. Windows yako bila shaka ni ya Kifaransa, na Guacamole isipoambiwa inadhani ni QWERTY ya Marekani, kwa hiyo ukiandika a, kule inafika q. Kwenye mipangilio ya muunganisho weka server-layout iwe fr-fr-azerty. Inafuata kibodi ya Windows ya seva, si ya mtumiaji. Mwenye QWERTY huko Kolwezi hatasumbuka.

La kunakili: wanaingia kwa https au kwa http? Kivinjari hakiruhusu ukurasa wa http kugusa ubao wa kunakili. Kikiwa kimekataa hata kwa https, bonyeza Ctrl+Alt+Shift, bandika kwenye kisanduku cha menyu, kisha funga menyu.

Ukiwa hapohapo kwenye mipangilio, weka color-depth 16 na uzime sauti.

kibati_net, Goma

Na hesabu watu wako kabla ya kuwagawia majina. Windows Server bila leseni za RDS (Remote Desktop Services, huduma ya watumiaji wengi wa mbali) inakubali vikao viwili tu, tena vya usimamizi. Guacamole haiongezi hata kimoja.