Amekwama kwenye Yakobo 1:6, anasema hana haki ya kuomba

Kiongozi wa seli
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kijana wa seli yetu (kikundi kidogo cha kanisa) amesoma kwamba mwenye shaka ni kama wimbi la bahari, asidhani atapokea kitu. Ameacha kuomba, na Meza ya Bwana hashiriki tena. Anajiuliza kama Mungu anasikia kweli. Pia amekuta Marko 16:9-20, mistari ya Yesu kuwatokea watu baada ya kufufuka, imewekwa kwenye mabano, ikamtikisa. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Biblia
Msomee kuanzia mstari wa 5, usimwachie wa 6 peke yake. Pale Mungu huwapa wote kwa ukarimu “wala hakemei”. Kisha mstari wa 8 unamtaja mwenye shaka huyo: mtu wa nia mbili. Neno hilohilo la Kigiriki linarudi 4:8, likiwaambia wanaotaka urafiki na Mungu na urafiki na dunia kwa pamoja. Yakobo anakemea moyo uliogawanyika. Anayeumia kwa sababu anataka kuamini ni mtu mwingine kabisa.

Baada ya hapo nenda Marko 9:24: “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu.” Yesu hakumrudisha yule baba aliyemletea mtoto mgonjwa nyumbani akamalize shaka zake kwanza. Mtoto aliponywa siku ileile. Kijana aanze na sentensi hiyo, ni sala kamili.

Mhariri wa masomo
Kuhusu mabano, mjibu wazi. Nakala mbili kongwe za karne ya 4, Sinaitiko na Vatikano, zinaishia 16:8, na wafasiri wameweka mabano ili msomaji ajue. Ufufuo haukutundikwa kwenye mistari hiyo. Mpe 1 Wakorintho 15:3-8, barua ya mnamo mwaka 55: Paulo anataja waliomwona Yesu amefufuka: Kefa (yaani Petro), wale Thenashara, ndugu zaidi ya 500 na Yakobo. Akiambiwa “usiulize hayo”, ataenda kuuliza kwingine, na atahisi kanisa lilimficha.

Mama mlezi wa vijana
Mwanangu, kabla ya mafundisho muulize analala saa ngapi, anakula, amefiwa na nani. Eliya alipoomba kufa (1 Wafalme 19), malaika alimpa mkate na maji, akalala tena, akala tena. Swali la Mungu lilikuja baadaye. Kama amekata tamaa ya kuishi, mfikishe hospitali leo, huku mkiendelea kumwombea.

Kwa maombi tumia Zaburi 13, mistari 6 tu: 1-2 malalamiko, 3-4 ombi, 5-6 tumaini. Asome kwa sauti asubuhi na jioni. Akishindwa kufika 5, aishie 4, kesho arudi. Kosa baya ni kukemea “roho ya shaka” mbele ya watu: shaka haiondoki, ila yeye anajifunza kuificha. Yuda 22 inasema wahurumieni walio na shaka. Na asikae peke yake. Tomaso, aliyetilia shaka ufufuo, alikuwa bado na wenzake siku nane baadaye, Yesu akamkuta palepale.

Kiongozi wa seli
Asanteni sana. Na Meza ya Bwana?

Mwalimu wa Biblia
1 Wakorintho 11:28: mtu ajihoji, “na hivyo aule mkate”. Kujihoji kunampeleka mezani. Kosa la Korintho lilikuwa kula huku wengine wana njaa (mstari wa 21). Mpeleke kwa mchungaji wake kabla ya ibada ijayo, wasome sura hiyo pamoja.