Mrejesho: apu yangu ya soko imepita

Ndugu zangu habari, mimi ndo yule wa Kampala niliyeuliza kwa nini apu yangu ya kuagiza vyakula soko la Kalerwe inakataliwa kila nikiituma kwenye duka la apu, kule watu wanakopakulia apu za simu. Banange, imepita! Kaka uliyeniambia niache kukata rufaa nifikirie kwanza mkaguzi wa duka hilo, yule anayeijaribu apu kabla ya kuikubali, anaona nini kwenye simu yake, asante sana, wewe ndo umeniokoa, maana mkaguzi yuko nje huko hana laini ya Uganda (+256), sasa ule msimbo wa SMS wa kuingilia ungemfikiaje? Nikamtengenezea akaunti ya majaribio inayoingia kwa paswadi tu, nikaiandika kwenye maelezo ya wakaguzi pamoja na kavideo ka apu ikifanya kazi kwenye simu ya kweli. Kitufe cha kufuta akaunti nacho nimekiweka ndani ya apu yenyewe. Malipo ya pesa za simu hawakuyagusa kabisa kwa sababu mteja analipia matoke na nyanya za kushikika, ila kama wewe unauza kitu cha kidijitali ndani ya apu hapo sheria ni nyingine, kuwa makini. Mama zetu wa Kalerwe wameshaanza kupokea oda, nimefurahi mno.