Kwa nini kaa wa mito ya Elgon hubeba watoto waliokamilika?

Mwanafunzi, Mbale
Salaam wanajukwaa. Katika kijito kinachoshuka kutoka Mlima Elgon nilimgeuza kaa jike wa kahawia, nikaona chini ya mkia wake uliokunjwa tumboni watoto wadogo wenye miguu na magando kamili. Kitabu chetu cha baiolojia kinaeleza kwamba kaa huanguliwa wakiwa mabuu yanayoelea baharini. Naomba ufafanuzi.

Mwalimu, Jinja
Mwanangu, kitabu kinaeleza kaa wa bahari. Chukua kaa wa tope la mikoko, kama wale wa Gazi nchini Kenya, ambao dume wao ana gando moja kubwa la kupigania na kumwitia jike, na jingine dogo la kuchotea tope. Kinywa huchambua mwani na bakteria, kisha masalia hutemwa kama vidonge karibu na shimo. Jike wa kaa hao huachilia mabuu usiku, maji ya bamvua yanapojaa, ili yanapokupwa yayachukue hadi baharini, ambako hukua kwa majuma kadhaa kabla ya kurudi kwenye tope.

Kaa uliyemwona ni wa jenasi ya *Potamonautes*, na buu linaloelea lingesombwa na mkondo wa Elgon mara moja. Kwa hiyo jike hutaga mayai machache, makubwa, yenye kiini kingi, hatua zote za buu zikapita ndani ya yai. Gharama yake ni kwamba watoto hawaendi mbali, na ndiyo maana milima na mabonde mengi ya Afrika yana spishi zake yenyewe. Kwangu mimi hilo linastaajabisha kuliko gando lile kubwa.

Mhudumu wa afya, Fort Portal
Naongeza jambo moja. Ukimpata tena, mtazame ubavuni na kwenye mashina ya magando, kwani huenda ukaona mabuu ya usubi, *Simulium neavei*, yaliyojishikiza hapo. Siri hiyo iligunduliwa Kenya na kuchapishwa mwaka 1950. Kaa mwenyewe haambukizi. Usubi mzima ndiye anayeeneza upofu wa mito kwa kuuma watu, na huku kwetu Itwara, kama huko Elgon, kukagua kaa kulikuwa njia ya kujua kama mdudu huyo bado yupo. Ukimaliza kumtazama jike mwenye watoto, mrudishe chini ya jiwe lilelile.