Monita ya kuchomeka kwenye laptopu au kompyuta ya kipande kimoja? Naomba ushauri

Mhasibu_Donholm
Wadau, hamjambo. Ninafanyia maduka madogo hesabu nikiwa nyumbani Donholm. Siku nzima ni Excel huku, ankara za eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya) kule, na kwa kioo cha inchi 14 nashinda nikiruka dirisha hili hadi lile. Shingo imeanza kuuma. Laptopu ina prosesa ya i5 kizazi cha 11, RAM gigabaiti 8, haina tatizo. Nina shilingi 35,000. Kuna duka mjini limenionyesha kompyuta ya mezani ya kipande kimoja, ile ambayo mashine yote iko nyuma ya kioo, inchi 23, imetumika Uingereza. Inapendeza na haina nyaya nyingi. Niichukue, au ninunue monita tu? Stima huku hupotea bila taarifa.

Fundi_wa_Luthuli
Dada, usitoe pesa kabla ya kusoma jina la prosesa. Ikiwa ni i5-6500 au i5-7500, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi chake: cha 6, cha 7. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Muuzaji anaweza kukuwekea Windows 11 kwa njia ya panya, lakini masasisho ya usalama hayana hakikisho. Wewe unashika namba za siri za KRA za watu. Usizifungulie kwenye mashine kama hiyo ilhali laptopu yako imekidhi masharti.

Halafu kuna uchungu wa kioo. Naletewa hizi mashine bodi (sakiti kuu ya ndani) ikiwa imekufa na kioo kizima kabisa, na mwenyewe anauliza kama anaweza kukitumia na laptopu. Nyingi hazina tundu la kupokea picha kutoka nje. Hata Apple, baadhi ya iMac zake za kipande kimoja za 2009 hadi 2014 ziliweza kazi hiyo, baadaye ikaiondoa. Monita utaihamisha kutoka laptopu hii hadi ijayo.

BabaPacha
Kuhusu stima: hiyo ya mezani haina betri. Ikizima, hesabu ambayo hujaihifadhi imeenda, kwa hiyo ongeza bei ya UPS, ile betri ya akiba ya nje. Ukiwa na monita, kioo cha nje kinazima, lakini laptopu inabaki na betri yake, unaendelea.

Mwalimu_Rongai
Mimi ninayo ya kipande kimoja, kizazi cha 8, na siijutii. Watoto wanafanyia kazi za shule sebuleni, nafasi ni ndogo, hakuna anayeibeba. Lakini sisi hatukuwa na kompyuta yoyote. Wewe unayo.

Mhasibu_Donholm
Asanteni sana. Basi ni monita. Ya inchi ngapi? Laptopu ina HDMI na USB-C.

Fundi_wa_Luthuli
Inchi 24, paneli ya IPS (aina ya kioo kinachoonekana vizuri hata ukikitazama kwa pembeni), pikseli, yaani vidoti vinavyounda picha, 1920 kwa 1080. Usivutwe na inchi 27 yenye pikseli hizo hizo, herufi zitakuwa nene na tarakimu ndogo za Excel zitakuchosha macho. 27 inataka 2560 kwa 1440. Tumia HDMI, kwa sababu si kila USB-C hupitisha picha.

Ukinunua iliyotumika, nenda na laptopu yako na kebo yako. Fungua ukurasa mweupe ujaze kioo chote, kisha mweusi. Kwenye mweupe tafuta vidoti vilivyokufa, kwenye mweusi angalia kama pembeni kunavuja mwanga. Stendi iwe ya kupanda na kushuka, ukingo wa juu ulingane na macho, shingo yako itashukuru. Nyumbani bonyeza Windows na P, chagua Extend, ili monita iwe nyongeza ya kioo cha laptopu. Chenji ikibaki na laptopu ikiwa na nafasi ya RAM, ongeza ifike gigabaiti 16.