Mrejesho: Mvumo kwenye rekodi, na ile kazi ya filamu

Wapendwa, niliwauliza kwa nini rekodi zangu zina mvumo, na kama nihame studio ya muziki niende kurekodi sauti za filamu. Nimehama!

Mvumo ulikuwa wa umeme, ule wa 50 Hz, yaani mitetemo hamsini kwa sekunde. Kompyuta na miksa (mashine ya kuchanganya sauti) nilizichomeka soketi tofauti; nilipozihamishia kwenye ekstensheni moja, ukakata. Huku kwenye filamu, maikrofoni ya kifuani ilikuwa inasuguana na kanga ya mwigizaji, nikaibana kwa tepu pande zote mbili kitambaa kisicheze. Aliyenishauri nirekodi ukimya wa chumba nusu dakika kabla hatujafungasha, ubarikiwe sana: mhariri ameutumia kuziba mapengo kibao ya sauti. Bado wapo wanaoniuliza fundi wa sauti yuko wapi, ilhali fundi ni mimi na hedifoni nimevaa mimi, na inaniuma. Mkataba wa pili nimeshasaini.