Kuongeza mwanga wa taa za mbele za Hiace ya zamani

Muuza Viazi, Isyonje
Ndugu madereva na mafundi, salaam. Nina Toyota Hiace ya miaka ya 1990, yenye taa za mbele za kioo zinazotumia balbu za H4 (za halojeni zenye nyuzi mbili, mmoja wa dimu, yaani mwanga wa chini, na mwingine wa fulu, yaani mwanga wa mbali), ambayo hushusha viazi Mbeya mjini kabla hakujapambazuka, na ukungu wa milima ya Uporoto mnaufahamu. Dimu inamulika hafifu na imekuwa ya njano. Muuza vipuri ananishawishi ninunue LED nyeupe, au halojeni za wati 100 kwa fulu na 90 kwa dimu. Nichague zipi?

Fundi Umeme, Uyole
Usichague bado, ndugu yangu. Gari likiwa linanguruma na dimu ikiwaka, pima volti kwenye betri, kisha pima nyuma ya soketi ya taa huku balbu ikiwa imechomekwa, kwa sababu ukiichomoa mkondo haupiti na mita itakupa jibu la uongo. Upungufu wa asilimia 10 tu wa volti huondoa takriban asilimia 30 ya mwanga wa halojeni na kuufanya uwe wa njano, yaani hali hiyohiyo unayoieleza. Dawa yake ni kufunga rilei (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa) mbili, moja ya dimu na nyingine ya fulu, zinazopokea umeme moja kwa moja kutoka betri kwa waya mnene wenye fyuzi karibu na betri, ili waya za zamani zibaki na kazi ya kuziamsha rilei tu. Angalizo: Toyota nyingi za umri huo hukata umeme upande wa hasi, yaani swichi iko kwenye waya wa hasi badala ya wa chanya, kwa hiyo mchoro wa gari lingine usiunakili bila kupima. Balbu ya kawaida ya wati 55 huvuta takriban ampea 4.6, ya wati 90 huvuta 7.5, na ukiifunga kwenye waya za zamani bila rilei utayeyusha soketi au swichi.

Dereva wa Makambako
Naongezea kuhusu LED. Ndani ya H4, chini ya uzi wa dimu, kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipande juu, na kiakisi cha taa kimepimwa kufuata mahali ulipo uzi huo. LED nyingi za bei rahisi haziendani na vipimo hivyo, hivyo mwanga hutawanyika, humpofusha dereva wa lori anayekuja, na kwenye ukungu hukurudia machoni mwako. Kwa maoni yangu, H4 ya kawaida inayopata volti kamili inatosha.

Muuza Viazi, Isyonje
Nashukuru sana. Nimefungua taa na kukuta kiakisi kimepauka na kina madoa. Je, naweza kukisugua?

Fundi Umeme, Uyole
Hapana. Ule mng'ao ni utando mwembamba mno wa alumini, nawe utauondoa wote. Tafuta taa nzima iliyotumika kutoka Japani, kwani wao nao huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi. Taa ya nchi zinazoendesha kulia itamulika juu zaidi upande wa wanaokuja. Ukishaifunga, irekebishe gari likiwa na mzigo wako wa kawaida, kwa kuwa viazi hulaza nyuma na kuinua pua: umbali wa mita 10 kutoka ukutani, ukingo wa juu wa dimu uwe takriban sentimita 10 chini ya kimo cha taa yenyewe.