Nembo za shule bila sindano: pasi, gundi, velkro au pini?

Mama Wawili
Habari za jioni wakuu. Shule zinafunguliwa Jumatatu na nina nembo sita hapa mezani: mashati manne ya tetroni, masweta mawili. Fundi wa mtaani kwetu kasafiri. Mimi na sindano hatujawahi kupatana. Mwaka jana nilishona nembo na mfuko nikaufunga humohumo, mtoto akakosa pa kuweka kalamu. Nasikia kuna za kubandika kwa pasi, gundi ya kitambaa, velkro (zile tepe mbili zinazonasana), na pini. Ipi inahimili kufuliwa kwa mkono karibu kila siku?

Fundi Kiraka
Dada, geuza kwanza hizo nembo. Nyuma zinang'aa kama zimepakwa plastiki nyembamba, au unaona nyuzi tu?

Mama Wawili
Nyuzi tu.

Fundi Kiraka
Basi pasi peke yake haitafanya kitu hata ukandamize mpaka alfajiri. Nenda duka la vifaa vya ushonaji, omba utando wa gundi wa kupigwa pasi, unaoshika pande zote mbili. Usikubali kupewa kile kitambaa tunachoweka ndani ya kola. Kile mara nyingi kina gundi upande mmoja tu: kitashika nembo, shati kitaliacha. Kila Januari kuna mtu ananiletea hiyo kesi.

Kata utando mdogo kidogo kuliko nembo. Mwaga maji yote yaliyomo ndani ya pasi, mvuke hautakiwi. Pitisha pasi kwenye shati tupu ili unyevu utoke, panga nembo, funika na kitambaa chepesi cha pamba, kisha kandamiza. Usisugue, ukisugua inahama. Tetroni ina poliesta ndani, kwa hiyo tumia moto wa kati na uongeze muda, usiongeze moto. Geuza shati, rudia kwa ndani. Halafu liache lipoe kabisa. Gundi ikiwa ya moto ni uji, inashika ikishapoa; wengi wanaifunua mapema kuangalia, wanaiharibu wenyewe. Usifue mpaka siku nzima ipite.

Shemeji wa Korogwe
Na sisi wa pasi ya mkaa?

Fundi Kiraka
Inawezekana, ila haina namba za moto, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Na kung'uta majivu, cheche moja kwenye tetroni ni tundu.

Baba Chau
Mnajitesa. Supagluu, dakika moja kazi imekwisha.

Mwalimu wa Zamu
Baba Chau, hapana. Supagluu ikikutana na pamba inapata joto yenyewe, na inaweza kuunguza ngozi kama nguo iko mwilini. Ikikauka inakuwa ngumu kama ukucha, mtoto anashinda anajikuna kifua badala ya kuandika. Na pini nazo, jamani, kwa darasa la kwanza msituletee. Wanazifungua, wanachomana, nyingine naikuta mdomoni. Labda kwa siku moja ya dharura, kwa mtoto mkubwa.

Baba Chau
Nilikuwa nimevaa shati lenyewe wakati nabandika 😂 Sasa naelewa ule moto ulitoka wapi.

Binti Kisauni
Huku Mombasa twaziita beji. Mimi nilitia velkro, na raha yake ni kuwa beji moja yahudumia mashati matatu, na huitoa kabla ya kufua kwa hivyo haichujuki. Lakini ile ya kujibandika ilinitoka mara ya pili ya kufua, ikabidi upande wa shati ushonwe. Kwa hivyo sindano hujaikimbia, mamangu. Ukiamua, upande laini ndio ukae kwenye shati na ule wa miiba nyuma ya beji. Ukigeuza, shati litanasa soksi zote karaini. Tena wanangu walikuwa wakizibandua darasani, kraa kraa, wakabadilishana na wenzao.

Pwani Kwetu
Gundi ya kitambaa nimeitumia. Unapaka kidogo, zaidi kwenye kingo, unalaza kitabu kizito juu mpaka kesho yake. Ilidumu muhula mmoja, kisha kona moja ikaanza kufunuka, maana dada wa kazi anafikicha palepale mfukoni. Afue shati likiwa limegeuzwa ndani nje.

Mama Wawili
Na masweta je?

Fundi Kiraka
Sweta la akriliki usiliguse na pasi ya moto. Linalegea, linang'aa, halirudi. Halafu sweta linavutika na gundi haivutiki. Mtoto akilivua kwa kuvuta kichwani, nembo inabaki ikining'inia. Hapo ni uzi tu, dada. Hata mishono minne kwenye kona, na sweta halina mfuko wa kufunga kwa bahati mbaya 😀

Mama Wawili
Nimerudi kutoa ripoti. Mashati yote manne utando umeshika, yamefuliwa mara tatu. Moja nembo imeinamia kushoto kidogo, nilisugua. Masweta nimejikaza na sindano: la mkubwa limekaa, la mdogo nimelishona pamoja na mkono wa gauni nililokuwa nimevaa.